Ua wa nguzo na fito kuzunguka ploti yako Nairobi: kuanzia bikoni hadi geti

Niliegemea nguzo ya ua wa jirani tukizungumza, ikakatika. Juu ilikuwa nzima, ngumu, imekauka vizuri, rangi yake bado inang'aa. Ilikatikia pale inapoingia ardhini, kipande kisichozidi upana wa kiganja, na ndani yake mlikuwa na unga wa mbao na mchwa wakikimbia mwanga. Ua ule ulikuwa haujamaliza miaka minne. Jirani alikuwa ametoka kuupaka vanishi wiki hiyo hiyo, nguzo zote, kuanzia juu hadi kwenye nyasi. Nilimwonea huruma sana.

Kipande hicho cha kiganja kimoja ndicho ninachotaka ukishike akilini unaposoma mwongozo huu. Hapo ndipo unyevu wa ardhi unapokutana na hewa, na kuvu anayeozesha mti anahitaji vyote viwili. Chini zaidi hewa ni haba. Juu zaidi mti hukauka haraka mvua ikipita. Mchwa nao hupandia hapo hapo. Kwa hiyo karibu kila ninalokuambia hapa chini, kuanzia mti wa kununua hadi namna ya kushindilia udongo, ni kwa ajili ya kukilinda kipande hicho.

Ua ninaouzungumzia ni wa nguzo zilizotobolewa matundu, na fito nene zilizopasuliwa zikapachikwa ndani ya matundu hayo bila msumari. Nikisema fito simaanishi zile nyembamba za kusukia nyumba ya udongo. Hizi ni nene kama mkono wa mtu mzima au zaidi. Ua wa fito za kupasua ulienea sana Marekani wakati misitu ilikuwa mingi na misumari ni ghali, hata kwenye kampeni za mwaka 1860 wafuasi wa Abraham Lincoln walimnadi kama mpasua fito, kwa kuwa aliifanya kazi hiyo ujanani. Kwetu Kenya, mashamba ya nyanda za juu yalizungushiwa nguzo za mtarakwa zilizopasuliwa kwa kabari, na wazee wengi bado watakuambia hakuna nguzo iliyozishinda.

Kabla hujatoa pesa, fahamu kwamba ua huu haumzuii mwizi. Unaonyesha mpaka, unazuia ng'ombe wa wapita njia, unaipa ploti sura, na hauzibi upepo wala mwanga. Ukitaka kuzuia mbuzi na mbwa, funga wavu wa waya kwa upande wa ndani. Ukitaka kuzuia mtu, panda kayaba ndani ya ua, futi mbili hivi kutoka kwenye nguzo. Miiba ya kayaba haina mzaha, na ikishakomaa fito zitakuwa pambo tu.

Mpaka kwanza

Usichimbe hata shimo moja kabla hujaziona bikoni zako zote kwa macho, yaani alama za mpima ardhi zinazoonyesha kona za ploti. Ploti nyingi za Ruai, Utawala na Mwiki ziligawanywa kutoka kwenye mashamba makubwa, na bikoni hufunikwa na udongo, hulimwa juu yake, au hung'olewa na tingatinga la kuchonga barabara. Mwite mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe kila kona kwa kufuata ramani rasmi. Ramani hizo hutunzwa na Idara ya Upimaji, ambayo ofisi zake ziko Ruaraka, Thika Road. Upekuzi wa hati kwa ardhi ya Nairobi siku hizi hufanywa kupitia Ardhisasa, mfumo uliozinduliwa Aprili 2021.

Ukishaonyeshwa bikoni, iache kama ilivyo. Kuing'oa au kuisogeza bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, hata kama nia yako ilikuwa tu kupata nafasi ya kuweka nguzo ya kona. Nguzo yako iingie ndani kidogo, futi moja kutoka kwenye mstari, ili bikoni ibaki wazi na ili fundi asichimbe upande wa mwenzako.

Siku ya kuvuta kamba, mwite jirani. Mwambie, "Jirani, kesho asubuhi navuta kamba ya ua, naomba uje tuione pamoja." Mkishasimama wote wawili juu ya mstari na mkakubaliana, piga picha. Nimeshuhudia watu waliokuwa wakichotea maji kisima kimoja wakiachana kusalimiana kwa sababu ya nusu futi, na nusu futi hiyo ilitokana na kamba iliyovutwa mmoja wao akiwa kazini.

Upande wa barabara, uliza katika ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kuanza, kwa sababu kinachojengwa ndani ya eneo la barabara kinaweza kubomolewa bila fidia. Uliza pia mabomba ya maji na nyaya za umeme zinapita wapi. Wanaojua vizuri zaidi ni wale walioishi mtaani muda mrefu.

Kuhesabu nguzo na fito

Tuchukue ploti ya kawaida, hamsini kwa mia. Kuizunguka ni futi 300. Nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi futi 8, la sivyo ufito wa juu utalegea katikati siku watoto watakapoanza kuukalia, na watoto lazima watakalia.

Upande wa futi 100 ugawe nafasi 13, kila moja futi 7 na inchi 8 hivi. Upande wa nyuma wa futi 50 ugawe nafasi 7. Mbele toa futi 12 za geti, zitabaki 38, uzigawe nafasi 5. Jumla ni nafasi 38 za fito na nafasi moja ya geti, kwa hiyo nguzo 39: nne za kona, mbili za geti, na 33 za katikati. Kwa fito tatu tatu kila nafasi, unahitaji fito 114. Ukiuweka ua futi moja ndani ya mstari kama nilivyosema, vipimo vitapungua kidogo lakini idadi haibadiliki. Ongeza nguzo mbili na fito kumi za akiba, maana zingine zitapasuka vibaya.

Nguzo iwe na urefu wa futi 7 na unene usiopungua inchi 6 (za geti ni kubwa zaidi, nitazieleza mbele): futi mbili na nusu zinaingia ardhini, futi nne na nusu zinabaki juu. Nyembamba kuliko hapo usinunue, kwa sababu tundu la inchi 2 litakula katikati yake na kinachobaki kila upande hakitatosha kubeba.

Mti wa kununua

Mtarakwa ni mti wa asili wa misitu yetu, unakua polepole, na haukatwi ovyo. Ukiletewa lori la nguzo za mtarakwa kwa bei ya kutupa, uliza kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Kama hakipo, waambie waondoke nazo. Binafsi nasema tuiache iliyobaki ikue. Mkaratusi wetu wa shambani unatosha kabisa, mradi utiwe dawa ipasavyo.

Hapa ndipo watu wengi hutapeliwa, kwa hiyo tusiharakishe. Nguzo iliyotiwa dawa kwa mgandamizo ina rangi ya kijani kibichi iliyofifia, kwa sababu dawa inayotumika sana ina shaba ndani yake pamoja na kromi na aseniki. Mtungi wa kiwandani husukuma dawa hiyo ndani ya mti kwa nguvu. Lakini kijani cha nje hakithibitishi chochote, kwa maana mtu anaweza kuipaka nguzo kwa brashi nyuma ya yadi na ikapendeza kuliko ya kiwandani. Kwa hiyo nunua nguzo moja, ikatwe katikati mbele yako, na utazame uso wa mkato. Katika nguzo halali utaona pete ya kijani kuzunguka ukingo, imeingia ndani upana wa kidole au zaidi, na kiini cha katikati kimebaki rangi yake ya hudhurungi. Hiyo ni kawaida, dawa haipenyi kiini. Katika nguzo ya ujanja utaona mstari mwembamba kama umechorwa kwa kalamu, kisha mti mweupe mtupu. Gharama ya nguzo moja iliyokatwa ni ndogo mno ukilinganisha na nguzo 39 zitakazooza.

Pete hiyo ndiyo inayotupa kanuni moja isiyovunjwa: upande wa nguzo utakaoingia ardhini haukatwi kamwe. Ukiikata chini, umefungua kiini kisicho na dawa na kukizika panapoishi mchwa. Nguzo ikizidi urefu, punguza juu.

Njia bora kuliko zote ni kutoboa matundu na kupasua fito kwanza, miti ikauke, kisha upeleke vyote kiwandani vitiwe dawa vikiwa tayari. Baadhi ya viwanda hupokea miti ya mteja, uliza. Isipowezekana, nunua nguzo zilizokwisha kutiwa dawa, utoboe mwenyewe, na kila mkato uupake dawa ya mbao yenye shaba mara mbili au tatu hadi mti ukatae kunywa zaidi. Matundu yako juu ya ardhi, kwa hiyo hapo hatari ni ndogo.

Na oili chafu ya gari? Najua kila fundi Nairobi anaiamini. Inabaki kwenye ngozi ya mti tu, mvua huiosha, na inakoenda ni kwenye udongo wako na pengine kwenye kisima chako. Kuchoma mguu wa nguzo motoni nako hakusaidii inavyodhaniwa: kaa lenyewe haliozi, lakini moto hula unene wa nguzo na kuacha nyufa za kuingizia maji hadi ndani.

Kupasua fito

Gogo la mkaratusi lenye unene wa inchi 8 hutoa fito nne. Kwa fito 114 utahitaji magogo 29, chukua 32. Yakate urefu wa futi 9 ili upate nafasi ya kurekebisha ncha.

Pasua mti ukiwa mbichi, ndani ya siku chache tangu ukatwe. Mkaratusi ukikauka unakuwa kama chuma na utavunja mpini wa nyundo bure. Kabla ya kupiga kabari, tazama mistari ya gome na mti: ikiwa imenyooka kutoka chini hadi juu, gogo litapasuka vizuri, ikiwa inazunguka kama kamba iliyosokotwa, ufito utatoka umepinda kama panga boi, liache liwe kuni.

Anza mwishoni mwa gogo. Chora mstari kupitia kiini, weka kabari ya kwanza, piga taratibu hadi ishike. Kisha pigo zito. Utasikia mti ukilia, mlio mrefu wa kuchanika, na ufa utatembea juu ya gogo mbele ya macho yako. Weka kabari ya pili ndani ya ufa, futi mbili mbele, piga. Ya kwanza italegea, ichomoe uiruke mbele. Endelea hivyo hivyo hadi mwisho. Nyuzi zinazoshikilia ndani ya ufa zikate kwa shoka. Ukipata nusu mbili, zipasue tena kila moja katikati.

Kwa nini usipeleke kwa mashine ya kupasulia mbao ukamaliza kazi asubuhi moja? Msumeno hukata nyuzi za mti popote mstari unapopita, na kila uzi uliokatwa ni mdomo mdogo wa kunywa maji. Kabari hufuata uzi. Uso wa ufito uliopasuliwa una mikwaruzo na mawimbi lakini maji huteleza juu yake, na ufito una nguvu kwa sababu nyuzi zake zimeenda urefu wote bila kukatika. Uzuri wa ua huu uko hapo pia, katika mawimbi hayo. Ondoa gome lote, kwani wadudu hulala chini yake, kisha panga fito kivulini zikiwa zimeachana ili hewa ipite.

Matundu na ndimi

Tengeneza kijiti cha kipimo chenye alama tatu, ili usipime upya nguzo kwa nguzo. Kutoka usawa wa ardhi, katikati ya tundu la chini iwe inchi 12, la katikati inchi 28, la juu inchi 44. Kila tundu liwe na upana wa inchi 2 na kimo cha inchi 5. Toboa kwa keekee ya inchi 2 juu na chini ya alama, kisha ondoa mbao iliyobaki katikati kwa patasi.

Nguzo za katikati hutobolewa kutoka upande hadi upande. Za kona hazitobolewi hadi ng'ambo. Chimba matundu ya kina cha inchi mbili na nusu kwenye nyuso mbili zinazotazama pande zake. Za geti, uso mmoja tu. Ziandike kwa chaki mapema, KONA, GETI, maana zikishachanganyika kwenye rundo utajikuta unatoboa nguzo ambayo hukukusudia.

Ncha za fito zichongwe ndimi. Kila ulimi uwe na unene usiofika inchi 2 na kimo kisichofika inchi mbili na nusu, kwa sababu ndani ya tundu moja la nguzo ya katikati ndimi mbili hulaliana, ulimi wa ufito unaotoka kushoto chini, wa kulia juu. Acha nafasi ndogo. Mti huvimba wakati wa mvua. Ulimi unaoingia kwa kugongwa nyundo leo utaipasua nguzo Aprili.

Mashimo

Muda mzuri wa kuchimba ni mara baada ya mvua, Januari au Juni, udongo ukiwa bado na unyevu lakini haunati. Udongo mweusi wa upande wa mashariki ya jiji ukikauka Februari ni jiwe, na masika yakishuka unageuka gundi inayovua watu viatu.

Kama uko Karen, Dagoretti au Runda kwenye udongo mwekundu, kazi yako ni nyepesi. Shimo la upana wa futi moja na kina cha futi 3 linatosha, na udongo ule ule unaweza kurudi shimoni.

Kwenye udongo mweusi mambo ni tofauti. Udongo huu huvimba ukinywa maji na hujikunja ukikauka, mpaka nyufa za kuingiza mkono zinatokea. Kila msimu unapovimba huishika nguzo na kuinyanyua kidogo, na unapojikunja huiachia bila kuirudisha chini sawasawa. Misimu mitatu, minne, ua wote unayumba kama meno ya mzee. Dawa yake ni kuuondoa udongo huo kabisa pale nguzo inaposimama. Chimba shimo la upana wa futi moja na nusu, kina cha futi 3, utupe udongo mweusi mbali, na shimo lijazwe moramu. Ukikutana na mwamba kabla ya futi mbili na nusu, usikubali kuikata nguzo. Uchonge mwamba kwa mtaimbo, au sogeza shimo ubadilishe urefu wa fito za pande hizo mbili.

Chini ya kila shimo mwaga kokoto inchi 6, ili maji yanayoshuka na nguzo yapate pa kukimbilia badala ya kukaa chini ya mguu wake.

Kusimamisha

Nieleze hasara niliyoipata mimi. Upande wangu wa kwanza, fundi alisimamisha nguzo 9 kwa siku moja, akazimwagia simiti zote, akazipima kwa pima maji. Jioni aliniita, "Mama, njoo uone mstari." Ulikuwa umenyooka kama risasi. Baada ya siku tatu tulileta fito, na hapo ndipo tulipotambua kwamba haziwezi kuingia. Ufito ni mrefu kuliko nafasi iliyo kati ya nguzo mbili, kwa sababu ndimi zake lazima ziingie ndani ya zote mbili, na nguzo zilizoshikwa na simiti hazisogei hata unywele. Tulizing'oa nguzo saba kwa nyundo kubwa na mitaimbo. Mbili zilipasuka. Niliumia, si kwa pesa tu, bali kwa sababu fundi yule alikuwa amefanya kazi safi mno, na kosa lilikuwa la mpangilio ambao hakuna kati yetu aliyeufikiria.

Kwa hiyo ua huu husimamishwa ukitembea, nguzo moja baada ya nyingine. Anza kwenye nguzo moja ya geti, zunguka ploti yote, umalizie kwenye nguzo ya pili ya geti. Ukifanya hivyo hutakwama kuziba nafasi ya mwisho kati ya nguzo mbili zilizokwisha kushindiliwa.

Vuta kamba kutoka kona hadi kona, juu kidogo ya ardhi, na nyingine kwenye usawa wa vichwa vya nguzo. Simamisha nguzo ya geti, pima kwa pima maji pande mbili, uikaze kwa simiti kama nitakavyoeleza mbele. Nguzo ya pili iweke shimoni ikiwa huru. Ingiza fito tatu kwenye matundu ya nguzo ya geti, kisha mtu mmoja aisogeze nguzo ya pili hadi ndimi za upande wa pili ziingie. Nguzo hiyo ya pili usiishindilie bado. Pachika fito za nafasi inayofuata juu ya zile za kwanza, lete nguzo ya tatu, na fito zikishakaa ndipo urudi kuishindilia ya pili. Daima nguzo ya mwisho iwe huru. Watu watatu wanatosha: wawili wa fito, mmoja wa nguzo.

Kushindilia ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo wafanyakazi hutaka kuikimbia jua likishakuwa kali. Mwaga moramu yenye unyevu kidogo, inchi 6 tu, kisha piga kuizunguka nguzo kwa kitako cha mtaimbo hadi mtaimbo uanze kuruka mkononi badala ya kuzama. Ndipo uongeze inchi 6 nyingine. Ukijaza shimo lote kwa mara moja na kukanyaga kwa buti, juu patakuwa pagumu na chini ni pumba. Simama hapo mwenyewe. Lete chai, lakini simama hapo.

Usawa wa ardhi ukifikiwa, endelea kupandisha moramu kuizunguka nguzo hadi kuwe na kichuguu kidogo cha inchi 3 kinachoteremka pande zote. Maji ya mvua yakimbie kutoka kwenye kile kipande cha kiganja kimoja, yasikitafute.

Simiti sikushauri kwa nguzo za katikati. Mti hujikunja ukikauka, unaacha mwanya kati yake na simiti, maji huingia humo na hayana pa kutokea, na mti unakaa ndani ya kikombe cha maji. Kwenye udongo mweusi bonge la simiti hunyanyuliwa na udongo unaovimba, pamoja na nguzo yake. Za geti ni tofauti, kwa sababu hubeba uzito unaoning'inia na kuvuta upande mmoja kila siku. Hizo ziwe nene zaidi, inchi 8, na ndefu zaidi, futi 8, zishuke futi 3 na nusu, na zimwagiwe simiti pembeni tu. Mguu ukae juu ya kokoto, na uso wa simiti upandishwe juu ya ardhi ukiteremka kutoka kwenye nguzo. Zichimbie shimo la kina cha futi 4.

Vichwa vya nguzo vikate kwa mshazari ili maji yateleze, kisha upake dawa ya shaba kwenye mkato.

Vipande vilivyobaki

Vaa glavu na barakoa unapokata miti iliyotiwa dawa, na unawe mikono kabla ya kula. Vipande na vumbi la msumeno visiingie jikoni, visiwe kuni za kuchemshia githeri wala za kuchomea nyama, wala visitandikwe chini ya kuku. Dawa ile ina aseniki, na ikichomwa sumu hutoka kwa moshi na kubaki kwenye majivu. Waambie wafanyakazi kabla hawajaondoka, kwa sababu ni kawaida fundi kubeba vipande aende navyo nyumbani, na watoto wake ndio watakaokaa karibu na moto huo. Vifunge kwenye gunia na uvitenge na takataka nyingine, kisha mwambie mchukua taka wazi kwamba hizo si kuni.

Miezi ya kwanza

Mvua ya kwanza ikishapiga vizuri, zunguka ua na mtaimbo. Moramu itakuwa imekaa, na utakuta kibonde kidogo kwenye baadhi ya nguzo. Ongeza, shindilia, rudisha kichuguu. Shika kila nguzo uitikise. Inayocheza ifukue inchi 12 uishindilie upya siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo, kila miezi mitatu, fyeka nyasi futi moja kuizunguka kila nguzo na ukwangue njia zozote za udongo ambazo mchwa wamezijenga kupanda juu. Usiache mboji wala rundo la majani liegemee ua. Ukiona njia ile ile imejengwa tena baada ya wiki, fukua uone wanatokea wapi.

Ufito ukivunjika hauhitaji kubomoa upande mzima. Legeza nguzo moja tu: fukua moramu yake upande mmoja, iinamishe hadi ndimi zitoke, toa ufito mbovu, pachika mpya, isimamishe tena na ushindilie inchi 6 kwa inchi 6 kama mara ya kwanza. Kwa hiyo zile fito kumi za akiba ziweke mahali pakavu, juu ya mawe, zisiguse ardhi.